Mstari Unaoshuka Saa Kumi

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikufikie na zikukute mzima, wewe na wote unaoishi nao, ingawa sijui kama ni wengi au uko peke yako. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu: Baba ana kifua, mimi nina mgongo, na nyumba ina mabomba yanayokoroma. Lakini tunakula, tunalala, tunaamka, na nani amepewa zaidi ya hapo.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Namba yako ninayo. Mwezi huu nimeipiga mara tatu na mara zote nikakata kabla haijaita, kwa hiyo usijisumbue kutafuta, hutaiona. Nimeona heri karatasi, kwa sababu karatasi hainikatizi, na wewe tangu utotoni ni hodari wa kunikatiza. Ninalo la kukuambia, lakini nikilitanguliza hutalielewa. Nitaanza na mashine.

Baridi hii kifua cha Baba kilimbana mara mbili. Daktari akaniambia sebule isishuke chini ya nyuzi kumi na tisa. Nikamwambia nyuzi ndizo kazi yangu, mimi ni fundi wa majokofu. Akacheka, akasema basi safari hii nifanye kinyume.

Unakikumbuka kile kidude cha duara cha koridoni cha kupandisha na kushusha joto, ambacho Mama alikuwa akitupiga vidole tukikigusa. Bado kilikuwa palepale. Nikitoka tu kwenda karakana, Baba alikuwa anakizungusha hadi kumi, na akisikia nyayo zangu jioni anakirudisha ishirini, anakaa kwenye kiti kama hajainuka tangu asubuhi. Mzee wa miaka sabini na minane, mbinu za darasa la pili. Ukimuuliza, anasema gesi haiokotwi njiani.

Basi nikanunua kidhibiti joto cha kisasa, kisicho na waya, kile unachoweza kukiona na kukiamuru kwenye simu hata ukiwa mbali. Kina vipande viwili. Kimoja kinafungwa jikoni karibu na boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha maji ya mabomba, kazi yake kuiwasha na kuizima. Cha pili ni kama kipande cha sabuni, unakiweka sebuleni kipime joto, na hivyo viwili vinasemezana hewani. Nilizima umeme kwenye swichi kuu na kuzipiga picha nyaya za zamani kabla ya kuzigusa, maana fundi asiyepiga picha atarudi kubahatisha. Nyaya zilikuwa nne. Moja ilikuwa imeviringwa utepe na mtu mwenye haraka zake, na mviringo ule naujua: ni wewe, mwaka ule uliokuja likizo kutoka chuoni ukajifanya fundi. Nimeirekebisha. Miaka ishirini na moja imekaa hivyo, na kila aliyeingia humu aliambiwa kijana wetu wa chuo ndiye aliyetengeneza.

Kilichonichelewesha ni intaneti. Taa iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, dakika arobaini nzima. Kumbe kisanduku cha intaneti kinatoa mawimbi ya aina mbili, ya kasi na ya polepole, na kifaa chetu kinasikia ya polepole tu. Nikamwambia Baba kimefanana naye. Akajibu kwamba wa polepole hakosei nyumba.

Siku mbili za kwanza hakukiamini. Aliuliza kama kinatuona, nikasema hapana, kinahisi tu. Akauliza tofauti ni nini. Siku ya tatu akakibatiza jina, akakiita mpangaji: halipi kodi, hafagii, lakini anaagiza joto kama mwenye nyumba. Sasa asubuhi anamsalimia. Nikimpigia simu kutoka karakana ananiambia mpangaji yuko nyuzi ishirini na hana malalamiko.

Kwenye simu yangu kifaa hicho kinachora mstari wa joto la sebule, saa kwa saa, siku kwa siku. Wiki ya kwanza nikaona jambo. Mstari ulikuwa umenyooka, kisha kila siku saa kumi jioni na dakika mbili unaporomoka kutoka ishirini hadi kumi na tano na nusu. Saa kumi na dakika ishirini na nne unaanza kupanda. Siku saba, mara saba. Rejeta za ukutani zinaunguruma kama zinafukuzwa, na joto halipo.

Nikadhani ni kifaa. Nikabadilisha betri. Nikakihamisha rafu. Nikaweka pembeni yake kipimajoto changu cha kazini, tofauti ikawa sifuri nukta tatu tu, kwa hiyo hakikuwa na kosa. Nikageukia dirisha, nikaliziba pembe zote kwa mpira wa mlango wa jokofu, ule mnene. Kesho yake saa kumi na dakika mbili, mstari chini.

Hapo nikajicheka. Miaka ishirini na mbili nawaambia wateja wangu neno moja. Jokofu likibadilika joto kila siku saa ileile, usiniite nifungue injini. Muulize mwenye nyumba nani anafungua mlango. Na mimi nimekaa na mstari kama huo mkononi, napaka gundi madirishani.

Nikafunga karakana mapema. Msusi wa ng'ambo ya barabara, aliyehamia baada ya wewe kuondoka, aliniona nimejibanza kwenye kona ya nyumba yetu wenyewe, akaniita ndani akitaka kujua namvizia nani. Nikamwambia. Akashangaa kwamba sijui. Akasema wateja wake wanaopanda basi la saa kumi hawatazami saa, wanamtazama mzee. Akifungua mlango wake, wao wanavaa makoti. Akaniuliza nilidhani amekuwa akifanya nini miaka yote hii. Nikamuuliza miaka mingapi. Akahesabu kwa umri wa mwanawe, akasema minne.

Nikasimama dirishani kwake, kati ya wanawake wawili wenye vichwa vilivyosukwa nusu, nikaona. Mlango ulifunguka. Baba alitoka hadi kizingitini na koti lake la zamani la ubawabu, mkono mmoja kwenye kitasa, mgongo umenyooka kama alivyosimama miaka thelathini na moja kwenye lile jengo la ofisi. Basi lilifika, likashusha watu sita. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho alipokata kona. Alingoja tena, labda yuko aliyechelewa kushuka. Kisha akaingia.

Jioni nilimgombeza. Nilimtajia daktari, nikamtajia kifua, nikamtajia na gesi yake isiyookotwa njiani. Kwanza alisema anapunga hewa. Nikamwonyesha mstari. Aliutazama muda mrefu, halafu akamgeukia mpangaji pale rafuni, akamwambia kumbe wewe ni mbeya. Kesho yake nikaona joto linashuka taratibu kuliko kawaida. Niliporudi nilikuta kipande kile kimefunikwa kofia yake ya sufi, ile ya kufunika masikio. Alikuwa anamvisha kabla ya kufungua mlango, ili asihisi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye alicheka. Kisha akasema, bila hasira, kwamba miaka thelathini na moja amewafungulia mlango watu asiowajua, wengine hata hawakumtazama usoni. Itakuwaje basi anayemjua aje akute umefungwa.

Kaka, hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Tulipomzika Mama, miaka sita iliyopita, ulifika kaburi limeshafukiwa. Baba alikuambia mbele ya watu usikanyage kwake mpaka atakapokutumia mtu. Ukaondoka, ukalishika neno lake, na mimi nakuheshimu kwa hilo ingawa sijawahi kukuambia. Nadhani hadi leo unaamini hakukutumia mtu.

Alikutumia. Mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Ilikuwa miaka miwili baada ya mazishi, siku niliyopata karakana yangu mwenyewe. Siyo kona ya duka la mtu, siyo uchochoro. Karakana yenye mlango wa chuma na kufuli tatu. Unajua nilikotoka. Ulipoingia chuo, mimi nilitolewa shule nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa kuwa mshahara wa bawabu haukugawanyika mara mbili. Wewe ulisomeshwa, mimi nikasoma majokofu mabovu, moja baada ya jingine, kwenye vumbi. Nilimuuguza Mama miezi kumi na minne, nikienda kazini na harufu ya dawa. Siku ile nilikuja na funguo, nikaziweka mezani mbele ya Baba ili azione. Akasema hongera. Sauti haikupanda wala kushuka. Halafu, palepale, kabla sijaketi, akasema nimtafute kaka yangu, nimwambie mlango haujafungwa.

Nilitoka kama ninayekwenda kukupigia. Nikaenda karakana kwangu, nikakaa juu ya ndoo saa nzima, sikupiga. Niliporudi Baba aliniuliza wewe umesemaje. Nikamjibu kwamba umepokea salamu, utakuja, utapanda basi la saa kumi, ila siku hukuitaja. Nilitunga basi kwa sababu uongo wenye saa unafanana na ukweli. Nilidhani atangoja wiki moja, atakukasirikia, na labda siku hiyo ataziulizia funguo zangu.

Hakukasirika, wala hakuniuliza tena. Kumbe mimi narudi saa kumi na mbili, hata Jumapili, yeye saa kumi anafungua mlango.

Nimepiga hesabu, unanijua. Dakika ishirini na mbili kwa siku, kwa siku elfu moja mia nne sitini na moja, ni siku ishirini na mbili kamili na saa kama nane. Mchana na usiku, bila kuketi, mzee wetu amesimama kwenye baridi kwa neno nililolitunga mimi juu ya ndoo. Kifua chake nimekipeleka kwa daktari mimi, na aliyekiharibu ni mimi.

Jumapili nilimwambia. Sikumficha hata kipande. Kisha akasema: Basi huyo hana kosa. Akalirudia mara mbili. Miaka minne amekuwa akijilazimisha kukusamehe kwa kuchelewa. Nikangoja anifukuze mimi kama alivyokufukuza wewe, na koti langu nilikuwa nalo mapajani. Badala yake akaniuliza zile funguo za siku ile zilikuwa ngapi. Nikasema tatu. Akatikisa kichwa, akaniambia nipunguze joto nyuzi moja, sebule imekuwa nzito. Tangu hapo ananijibu ninapomsemesha, lakini haanzi yeye. Sijui ni kwa siku ngapi. Ni haki yake.

Jumatatu nilikuwa karakana, mikono imejaa mafuta, simu nimeiegemeza kwenye boksi la skrubu. Niliamini saa kumi mstari utapita umenyooka, maana sasa anajua hakuna aliyeahidi. Saa kumi na dakika mbili ukashuka. Jumanne ukashuka. Leo pia.

Kwa hiyo nakupa ujumbe wake, umechelewa miaka minne na mchelewaji ni mimi: mlango haujafungwa. Huo ndio wote, hakuongeza neno. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una sababu na mimi sina utetezi. Ila hasira yako isipite kwangu ikamfikia yeye.

Nimekipanga kifaa kianze kupasha saa tisa na nusu, kifike nyuzi ishirini na tatu, ili mlango ukifunguliwa awe na akiba mgongoni. Ni hilo tu ninaloweza kama fundi. Pamoja na barua hii nimeweka karatasi ndogo yenye jina la programu na jinsi ya kuingia, nawe uione nyumba kwenye simu yako huko uliko. Neno la siri sikuliandika. Ni lile jina Mama alilokuwa akikuitia ukichelewa kula. Ukiingia utauona mstari. Pale unaposhuka, ni Baba huyo.

Siku utakayokuja usinipigie kwanza, wala usimpigie yeye. Panda basi la saa kumi. Mimi nitakuwa karakana na simu yangu kwenye boksi la skrubu, nangoja kuona mstari umeshuka saa kumi na dakika mbili, na saa kumi na dakika nane umeshaanza kupanda. Nitajua mlango umefungwa, na nani yuko ndani.

Msusi anakusalimu ingawa hakujui, anasema anakujua. Mpangaji naye yuko nyuzi ishirini, hana malalamiko. Ubaki na afya, na ulinde kifua chako, kwetu ni ugonjwa wa nyumba.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa majokofu