Kuku wa Ruzindana

Gisenyi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua? Yale mafuta ya kuchua niliyompa dereva wa lori yamekufikia? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mjukuu wako Zaina naye ni mzima, ila barua hii naomba uisome ukiwa umekaa.

Baba Zaina unamjua: fundi cherehani, lakini kwa kuwa kazaliwa Ujiji basi anajiona nahodha. Alishona tanga la kitambaa cha marekani, tukapakia unga, maharage na mablanketi ya sadaka waliyotoa watu wa mtaani, tukaondoka sote watatu, Zaina naye, pamoja na Ruzindana, mwenye mtumbwi, kuwapelekea wagonjwa wa ukoma kisiwani. Kwenda kulikuwa raha tupu. Mtumbwini mlikuwa na kuku kafungwa miguu. Baba Zaina akadhani naye ni sadaka, akampa bibi mmoja mgonjwa. Kumbe ni kuku wa Ruzindana. Angemnyang'anyaje mgonjwa?

Wakati wa kurudi upepo ukakatika, mchana kweupe. Tukaingia ghuba ndogo tupumzike. Mama, kimya cha pale! Hata nzi hakuna.

"Hapana shuka," Ruzindana akasema. "Ile kuku njo ilikuwa ya kutangulia. Hapa iko mazuku."

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, nayo hulala chini mashimoni. Kuku akitupwa nchi kavu akaanguka, watu hawashuki. Baba Zaina akacheka, "Bwana we, hewa gani hiyo?"

Zaina alikuwa ameshashuka. Aliona ndege wamelala kwenye kishimo, akachuchumaa amshike mmoja. Nikaruka nikimwita. Akageuka, akatabasamu polepole, akajilaza kando yao. Nilimfikia, nimesimama, napumua vizuri tu, na mwanangu miguuni pangu anakata roho! Nikataka kuinama. Ruzindana akanisukuma, "Hapana inama!" Akabana pumzi, akamnyanyua juu ya kichwa, akakimbia naye mpaka majini. Nililia hadi nikamsikia anakohoa.

Sasa Baba Zaina hacheki. Wagonjwa wanahitaji unga, lazima arudi, na amemnunulia Ruzindana kuku mwingine. Mimi na Zaina tutabaki.

Nisalimie kaka muuza chumvi, na shangazi aliyenizalisha. Tuombee dua, Mama. Jana Zaina kaniuliza kwa nini nilimwamsha yeye tu, nikawaacha wale watoto wengine wamelala. Hapakuwa na mtoto mwingine. Leo nimemkuta akikunja blanketi moja la sadaka. Anasema baba yake awapelekee wale watoto, kule kuna baridi.

Mwanao akukumbukaye,
Mwajuma