Kigoda cha Mzee Magori

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu sokoni Musoma, katikati ya vyungu, mchana huu ambao jua limewafukuza wateja wote. Najua hukusoma, na najua barua haipenyi udongo. Lakini sina mwingine wa kumwambia. Baba Neema nikimwambia anasema, "Achana nao." Wenzangu wa chama nikiwaambia wanasema, "Jikaze." Mimi nataka mtu anayekijua ninachokiogopa, na huyo ulikuwa wewe.

Mzee Magori amefariki. Kesho wanamzika. Watu wanasema nimemuua mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengi yametokea tangu ututoke. Vile vyama vingi ulivyovisikia redioni ukacheka, ukasema, "Kimoja tu kilitushinda kukilisha, hivyo vingi tutavipa nini?", vimefika. Bendera za kila rangi ziko juu ya miti mpaka njia ya Butiama. Kiwanda cha nguo kimefungwa, watu wanavaa mitumba. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunakaanga mapanki, ile mifupa inayobaki. Majembe yamejaa madukani, mepesi kama sahani, yanapinda msimu wa kwanza, lakini watu wanayanunua. Ule mwaka maduka yalipokuwa matupu, kata nzima ilikuja kwenye kiwanda chako cha kufulia vyuma nyuma ya nyumba. Nakumbuka walivyokuwa wakilitupa chini jembe bovu, wewe unaliokota, na ukimaliza kulifua unaliweka chini, wao wanaliokota. Hakuna mkono uliogusa mkono. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyofanya biashara.

Siku chache zilizopita Neema aliniuliza, "Mama, Muturi ni nini?" Kasikia shuleni. Yeye kazaliwa Makoko, baba yake Mkerewe ambaye mambo yetu hayajui na hayamsumbui. Nikamwambia Waturi ni watu wa ukoo wetu, wanaume wanafua vyuma, wanawake wanafinyanga vyungu. Akaniuliza, sasa ubaya uko wapi? Nikashindwa kumwambia kwamba wakulima hawatuoi wala hatuwaoi, kwamba hatuingii kwenye zizi lao wala kunywa kwenye kibuyu chao, kwamba tukikalia kiti chao kimeharibika na mwenye kiti anaugua. Nilimwambia akachote maji.

Basi kikaja hiki chama chetu. Jina lake refu, watu wanakiita Sawa-kwa-Sawa, wengine kwa kututania. Kinasema hakuna aliyezaliwa chini ya mwenzake, na kinasimamisha wagombea udiwani ambao hakuna aliyewahi kuwaza kuwasimamisha. Yupo Elias wa Bunda, asiyeona, anayesuka vikapu. Yupo Bhoke, aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila zao ili amzalie watoto wa ukoo; watu wanamheshimu nyumbani, lakini wakimsikia jukwaani wanacheka. Na kwa kata yetu ya nyumbani wakanitaka mimi. Kwenye mkutano wa Bunda mwenyekiti wetu aliuliza nani Muturi hapa, na mimi, Baba, mkono wangu ulipanda wenyewe. Niliposhtuka walikuwa wanapiga makofi.

Ungeniambia nini? Nakusikia kabisa. Ulikuwaga unasema, "Mama" (ukiniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yako), "kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Nami nilicheka sana miaka yote hiyo mjini. Mjini hakuna anayeuliza chungu kimefinyangwa na ukoo gani, ili mradi hakivuji.

Mkutano wetu wa kwanza nyumbani tuliufanyia uwanjani kwa Mzee Magori, kwa sababu yeye ndiye mkulima pekee aliyekubali kutupokea. Alisema anataka kutusikia kwanza, matusi baadaye. Chama kina kanuni yake: mgombea haletewi kiti kirefu cha ofisini, anakaa wanapokaa wenyeji. Kanuni nzuri. Lakini mwenyekiti wetu, ingawa ni mtoto wa Mara hii hii, kasoma na kufanyia kazi Morogoro hadi nywele zimeanza kuwa nyeupe, na mambo mengine yamemtoka. Mzee Magori alinyanyuka akaenda kuwatuliza mbwa. Mwenyekiti akaona kigoda kitupu, akakivuta mpaka mbele ya watu, akaniambia, "Mgombea, keti."

Kigoda chake mwenyewe, Baba. Kile hata wanawe wakubwa wenye wajukuu hawajawahi kukikalia.

Mimi nilijua. Kila mtu pale alijua isipokuwa mwenyekiti wetu na Elias, ambaye hakuona kilichovutwa. Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikayumba, nikatafuta kitu cha kushikilia, na kilichokuwepo ni kile kigoda. Nikakaa. Siku hizi wenzangu wanasimulia Bunda nzima jinsi Nyangeta alivyovunja mila kwa ujasiri mbele ya watu. Nilikaa kwa sababu ningeanguka.

Mzee Magori akarudi. Akaniangalia, akaangalia kigoda. Akasimama ameegemea fimbo yake mpaka mkutano ukaisha, na mimi sikuweza kunyanyuka, maana kunyanyuka ilikuwa ni kutangaza kwamba nilijua kosa langu. Sijui hata niliwaambia nini kuhusu zahanati.

Haukupita muda akaanza kuvimba tumbo. Wanawe wakaja ofisini Musoma kwa heshima kabisa. Walitaka mbuzi mmoja, wa kutakasa kigoda na mji wa baba yao, niwapelekee mimi kwa mkono wangu, mambo yaishe. Chama kikakaa kikao kirefu. Mwenyekiti akasema tukipeleka mbuzi tumekubali kwamba mwili wa Nyangeta ni uchafu, basi tufunge ofisi twende zetu. Bhoke akamwambia, "We unaongea tu, hulali pale." Lakini kura zikapigwa, na mbuzi akakataliwa. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono wa kukataa.

Nilikwenda kumwona. Peke yangu, sikumwambia mtu. Nilikuta amelala uani kwenye jamvi, miguu imekuwa kama ya mtu mwingine. Mke wake mkubwa akanipisha mlangoni, akaenda kusimama mbali. Mzee akanitazama sana, halafu akasema, "Binti wa Muturi, yale maneno yako ya siku ile nimeyapenda. Kura yangu ni yako, na ya wake zangu. Ila leta mbuzi."

Nikamwambia, "Mzee, tumbo hilo ni la hospitali."

"Hospitali nitaendaga," akasema. "Na mbuzi leta. Vyote viwili havigombani."

Baba, sikujua nicheke au nilie. Yule mtu alikuwa tayari kunipa kata nzima niiongoze, na hapohapo anaamini makalio yangu yanamuua. Wala hakuwa na chuki. Alikuwa ananiomba kama mtu anavyomwomba jirani amfungie ng'ombe wake anayekula mtama.

Sikupeleka. Kila siku nilisema kesho. Mbuzi wapo, mnadani wamejaa. Nikiamka asubuhi nasema nitapeleka, mzee apumzike roho, mbuzi ni mbuzi tu. Nikifika hapa sokoni, Neema akipita na sare yake ya shule, nasema sipeleki, kwa sababu nikishamkabidhi yule mbuzi, nimemkabidhi na huyu mtoto. Wakampeleka hospitali, wakachelewa, na juzi akafariki.

Sasa nikuambie kinachonitisha hasa. Kupigwa mawe msibani nakuogopa, ndiyo. Wanawe wadogo wamesema nikikanyaga pale wataninyoa kwa panga, na mmoja wao namjua, hasemi mara mbili. Lakini naogopa zaidi kitu kingine, ambacho siwezi kukisema ofisini. Je, kama ni kweli? Nimesimama mbele za watu nikawaambia damu ni moja, nikapigiwa makofi, halafu nikirudi nyumbani naitazama mikono yangu. Naitazama hii ninayofinyangia vyungu, najiuliza kuna nini ndani yake. Mganga wa hospitali alisema ini. Nimejirudia neno hilo, ini, ini, kama mtu anayesali rozari. Linashikilia kwa muda, halafu linaachia.

Wewe ulikuwa unaamini? Sikuwahi kukuuliza. Ulikuwa unakaa pembeni kwenye kila sherehe, unakunywa kwenye kopo lako, na uso wako ulikuwa mtulivu mno. Nilidhani umezoea. Sasa nawaza labda uliogopa kama mimi ninavyoogopa, uliogopa kuwadhuru watu uliowapenda. Wazo hilo limeniliza hapa sokoni mpaka mama wa nyanya akaniletea maji. Akanipa kwenye kikombe chake mwenyewe. Ningependa ungekiona kikombe kile.

Jana mjane mkubwa wa Mzee Magori alituma mtu. Hakutuma matusi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Nyangeta aje kuzika. Asipokuja, nitajua."

Unaelewa, Baba, walivyonifunga. Nisipokwenda, nitakuwa ndiye mwenye hatia aliyekimbia msiba, na hilo litamfuata Neema mpaka aolewe. Nikienda, nakwenda katikati ya watu wanaoningoja. Mwenyekiti anasema nisiende, nijitoe kwenye ugombea kimyakimya, usalama kwanza, chama kitanielewa. Yeye! Baba Neema amefunga mtumbwi, leo haendi ziwani, amekaa mlangoni kama askari. Neema ananiuliza kwa nini baba hafanyi kazi.

Elias na Bhoke wamesema watakwenda na mimi. Bhoke ameazima kanga nyeusi. Elias anasema yeye atangulie mbele, kwa sababu mtu asiyeona hawezi kukwepa jiwe, na mrushaji akiona halikwepwi, mkono utasita. Nilimwambia huo ni upuuzi. Akasema upuuzi wake umemfikisha miaka hii yote.

Nimeshaamua. Nimeamua asubuhi, nikabadilisha, nikaamua tena sasa hivi nikikuandikia. Nitakwenda bila mbuzi. Nitamfikia mjane nimpe pole, nimpe mkono, na asipoupokea nitauacha umenyooshwa mpaka uchoke. Nitatupa udongo kama wengine. Mzee alinipokea uwanjani kwake wakati wengine walitufungia, na mtu wa namna hiyo siwezi kumwacha aende bila kumuaga. Nikishatoka pale, nikitoka, jina langu litabaki kwenye karatasi ya kura. Hilo nakuahidi. Sitalifuta, hata nikipata kura moja ambayo ni yangu.

Nakuahidi na jingine. Nitamweleza Neema Muturi ni nini, lote, na babu yake alikuwa nani. Sitamtuma maji tena.

Usinikasirikie kwa kuwa sikuwa mpole kama wewe. Na usinisifu pia, maana tangu asubuhi sijala kitu kwa hofu. Kama huko mliko mnaonana, umsalimie Mzee Magori. Muulize ni nini kilichomuua, yeye sasa anajua. Mimi nitazika bila kujua.

Kwaheri, Baba. Wateja wameanza kurudi, kuna mama anagonga chungu asikie kama kina ufa. Kesho jioni nikirudi salama nitapitia kaburini kwako nikueleze ilivyokuwa. Nisiporudi, utakuwa umeniona kabla ya wote.

Mwanao,
Nyangeta