Mwalimu Alisikia Uongo Wangu

Jumapili, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mvua na baridi tangu asubuhi. Sijaenda kanisani. Bado nastaajabu.

Mimi ni fundi wa kushona, miaka hamsini na mbili. Kuandika nimeanza juzi tu, nikiwa na arobaini na tisa. Majirani hunitania: bibi mwandishi.

Jana nilikwenda Lilongwe, hadi mtaa wa Kauma, kumwona Mwalimu Sebastiani aliyenifundisha darasa la tano kule Uvira, Kongo. Nilidhani alishakufa. Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia yuko hai, anatunzwa na binti yake, na macho yamezima.

Darasani nilikuwa mbovu wa imla. Siku moja Mwalimu aliniita mbele, nikajua ni fimbo. Badala yake alifunga daftari langu, akaniambia nisimulie kwa mdomo jinsi mbuzi wetu alivyoingia kanisani. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza kusikiliza.

"Andika vile unasemaka," akasema kwa Kiswahili cha kwetu.

Kwa hiyo, sentensi zangu zote huzisema kwanza ndipo niziandike. Hata miaka ile ya kukimbia vita, bila kalamu, nilikuwa nazisema.

Jana nilimsomea hadithi ya siku tuliyomwacha kaka yangu Amisi njiani tukikimbia. Kuna watu wanakusanya hadithi zetu wachape kitabu, na kesho natakiwa kuituma. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika penye "nililia mpaka sauti ikakauka," akainua mkono.

"Rudilia hapo."

Nikarudia.

"Hapo njo unadanganya, mwanangu."

Mume wangu hajui. Mchungaji hajui.

Sikulia siku ile. Amisi alikuwa na mguu mbovu, tulikuwa tunambeba kwa zamu, na zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Aliposema tumwache apumzike, nilishukuru.

"Mwalimu, umejuaje?"

"Sauti yako imekimbia. Tangu ukiwa mutoto, ukidanganya unakimbiaka."

Miaka arobaini! Mtu asiyeona hata kikombe kilichoko mbele yake, ameona ndani yangu mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa napakwepa. Nikamweleza yote. Hakunifariji. Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Basi andika hiyo."

Leo nimeifuta ile sentensi. Mahali pake nimeandika: *Amisi alipobaki, mabega yangu yalifurahi kabla moyo haujajua.* Imeandikwa.

Sasa limebaki jambo moja. Mama yangu anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuwepo siku ile, na mpaka leo akisali hutaja jina la Amisi kabla ya majina yetu sisi tulio hai. Siwezi kuwapa wageni maneno ambayo yeye hajayasikia.

Atanifukuza? Atalia? Au naye ana lake ambalo hajawahi kulisema?

Nimevaa viatu. Naenda kumsomea.