Beseni Haipandake Bisi

Siku ya kazi tatu, mangaribi

Kaye yangu ya kuandikia mambo ya siku, unisamehe. Tangu mutoto wangu Kapinga alianza masindano sikukuandika, na leo ninaandika juu ya bwoga.

Asubui mutu wa mipango ya bisi alikuya ku arè yetu, fasi bisi inasimamaka, kuhesabia bantu benye kungojea. Alikuta bamama babili tu. Sisi bengine tulikuwa mu nyumba, kila mutu ameacha beseni yake ku mustari imuchungie nafasi. Siku zote njo vile, hapana mutu anaigusa.

Nikatoka mbio, mutoto ku mugongo. "Tata, tuko kumi na saba. Hesabia mabeseni."

"Citoyenne, beseni haipandake bisi."

"Na mabeseni ilikuya kwa miguu yake?"

Alicheka, lakini hakuandika. Alisema kama bantu beko kidogo, bisi itabakia ku barabara kubwa, haitaingia tena huku kwetu. Atarudia kesho saa moja ya asubui, mara ya mwisho.

Kapinga anapigwa sindano kila siku ku dispansere, miezi mbili ingine. Kwa miguu, mu mvula hii, na ile kifua yake...

Nilipita nyumba kwa nyumba. Mama Ngoyi alisema: "Nisimame mu baridi, na niko na beseni?"

"Kesho beseni ilale, mama. Wewe njo utasimama."

Akafunga mulango.

Kumi na batatu banakubali, na mimi kumi na ine. Mungu, unitumie bado: Mama Ngoyi, bamama babili ba ku kona benye banakatala, na jua kidogo mbele ya saa moja.