Baba Ambroise na Ekipe Iliyolala Kwetu

Mwaka mzima umezunguka, Baba Ambroise, tangu asubuhi ile ulipotutoka hapa Mbunya, mtaa wetu wa Bunia, na nyumba bado haijazoea.

Watu walikujua kama fundi wa kuchomelea vyuma. Sisi tulikujua kama mtu aliyevunja kitanda chake mwenyewe, akatengeneza pete mbili, akazifunga juu ya nguzo na kuanzisha ekipe ya baske yenye wachezaji saba na mpira mmoja. Mechi ya kwanza mlifungwa kwa tofauti ya pointi arobaini na moja. Ulirudi ukiimba. Mama Clémence akadhani mmeshinda.

Vita vilipowatawanya wachezaji, walibaki watatu. Ukapanda pikipiki hadi Kpandroma kumfuata Ushindi, yule mrefu. Baba yake akakataa.

"Mutoto wangu hataenda Bunia kufa juu ya mupira."

"Atalala kwangu," ukamjibu. "Kama iko kitu inamufikia, mutaniuliza miye."

Miaka minne Ushindi alilala saluni kwetu, pale sebuleni, na wengine watano wakamfuata. Mama alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo. Wewe uligawa samaki wa Kasenyi, ukibaki na kichwa. Hukupenda kichwa. Tulijua.

Mwaka juzi ekipe ikawa ya kulipwa, wachezaji wakapewa nyumba yao. Ulisema, "Ni vizuri, wamekomaa," kisha ukaenda kukaa nje peke yako.

Mwezi wa tatu, ukiwa umeshatutoka, Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda kuangalia mechi. Kijana wa mlangoni, mgeni wa mji, akamzuia.

"Mama, weye ni nani?"

"Miye bibi ya Ambroise."

"Ambroise gani?"

Mama akageuka kurudi nyumbani.

Ushindi alimwona kutoka uwanjani, akakimbia, akamfikia barabarani.

"Mama, kuya, nitakuingiza."

"Rudia weye. Wenzako wanakungojea. Ambroise hangependa wacheze bila kapiteni."

Akatembea peke yake hadi Mbunya, makelele ya uwanja yakimfuata mgongoni. Hakutuambia neno. Ni Ushindi aliyetuambia.

Baba, kijana yule hakukosa, hakuna aliyemsimulia. Ndiyo sababu tumeandika jina lako hapa, asome.

Wanaokulilia hadi leo: mke wako Clémence, watoto wako Yannick, Dorcas na Estelle, dada yako Angélique wa Kasenyi, na Ushindi, uliyemfanya ndugu yetu.

Siku zote zilizotubakia, Baba, tutakukumbuka.