Kumshitaki Mtani

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Samahani, daftari. Tangu Pasaka sijakugusa. Mambo ya kuandika yalikuwepo, mikono ndiyo haikuwepo. Imelda anaota meno, usiku kucha yuko kifuani. Alfajiri nakaanga vitumbua, saa mbili niko sokoni Bombambili, jioni naloweka mchele wa kesho. Nimechoka.

Kasian bado yuko Tunduru anachimba mawe ya vito. Walipompunguza kazini pale stoo ya ushirika walimpa kiinua mgongo. Tulikuwa tumeshasimamisha kuta za nyumba, fedha ile ilikuwa ya bati. Bati hatuna. Nyasi zinaota mahali nilipopanga kuweka kitanda.

Leo wenzake waliopunguzwa pamoja naye wamekutana kwenye baraza la Mzee Haule, aliyekuwa dereva wa ushirika. Nilikwenda badala yake, mtoto mgongoni. Wanataka kumshitaki Mtani.

Alhamisi, 14 Septemba

Naandika jinsi ilivyokuwa, maana nataka kuelewa.

Mtani ni Mhehe, na Wahehe na sisi ni watani. Alikuja mwaka jana, viatu vinang'aa, akajiita mshauri wa mambo ya fedha. Kabla hajafungua mkoba akatania. Akasema babu zetu Wangoni walichukua ng'ombe wa babu zake, na yeye amekuja kuwadai, kwa hiyo fedha zetu atakula zote. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi pia. Mzee Haule alimjibu kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda. Basi, akawa mtu wa nyumbani. Ananiita mke wangu, namwita mume suruali, na Kasian anacheka.

Kisha akatushauri. Alisema fedha ikikaa benki thamani inapungua kila mwezi, siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kununua kahawa Mbinga, kuna kampuni, tuweke huko yote, tusibakize. Hata bati zisubiri. Tukaweka yote. Kampuni ilinunua msimu mmoja, ikafunga mlango.

Hapo ndipo ninapokwama. Biashara kufa si kosa. Hata genge la vitumbua linakufa. Na kusema atakula, alisema. Sasa kosa lake ni lipi? Nimeuliza leo mkutanoni.

Mzee Haule alisema: "Mtani hashitakiwi. Mtani anatozwa kuku."

Mwanamke mmoja mjane akamwuliza kama kuku huyo ataezeka nyumba.

Jumapili, 24 Septemba

Wakili amekuja kutusomesha. Kijana, ana subira. Amesema si lazima kila mmoja afungue shauri lake. Wachache wanaweza kusimama kwa niaba ya wote, ila wote watangaziwe, asiyetaka aseme, na hakimu atoe ruhusa. Linaitwa shauri la uwakilishi. Nilipenda jambo hilo. Kama msibani, mmoja anapokea rambirambi za ukoo mzima.

Halafu akatuambia jambo jingine. Karani wa kampuni ile, ambaye naye hakulipwa, amemweleza kwamba Mtani alikuwa analipwa na kampuni kwa kila kichwa alichopeleka. Hakutuambia hata siku moja.

 Kumbe tulikuwa ng'ombe kweli.

Nilihesabu na mimi humo. Kichwa cha Kasian. Nilikasirika hadi maziwa yakakata, Imelda akalia.

Wanaume hawataki kusimama. Wanaona aibu kuitwa waliopeleka utani mahakamani. Mwisho Mzee Haule amekubali, kwa shingo upande, na yule mjane, na mimi. Mimi kwa sababu nauliza sana, wamesema.

Jumapili, 8 Oktoba

Tangazo la shauri letu limesomwa kanisani baada ya misa. Wengine walidhani ni kampeni za uchaguzi, wakauliza kama tutagawa kanga. Mama mkwe hafurahi. Anasema siku ya msiba wetu, watani watakataa kuja, na nani atafanya vituko watu wacheke? Nimemjibu kwa heshima kwamba anyeshewe kwanza ndani ya nyumba ya mwanawe, halafu tuongee. Nilisema vibaya. Nimempelekea vitumbua.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mahakamani. Hakimu ana miwani na kikohozi. 

Wakili wa Mtani alisema sisi hatuna lalamiko moja, kila mtu alishawishika kivyake, na tena mteja wake alituonya wazi. Nikaitwa. Akaniuliza kama Mtani alisema atakula fedha zetu.

"Alisema."

"Mkacheka?"

"Tulicheka."

Akamgeukia hakimu kama aliyekwisha maliza. Mimi sikuwa nimemaliza. Jibu nililolitafuta mwezi mzima lilikuja lenyewe.

Nikasema: "Mtani anakula mbele ya macho yako, na kesho wewe unakula chake. Huyu alikuwa analipwa pembeni ili atushauri. Hilo hakulitania. Na alitunyamazia sote."

Hakimu aliandika muda mrefu. Ruhusa imetolewa. Mzee Haule na mjane wanasimama kwa wote. Mimi bado, kwa sababu fedha zimeandikwa jina la Kasian. Nafasi yangu inasubiri karatasi zake mpaka tarehe ijayo, mwezi wa Novemba.

Nje Mtani alinisubiri. Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mke wangu, umenileta huku kwa ng'ombe wa babu?"

Midomo ilinicheza kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri kabisa.

"Leo hatutaniani," nikamwambia. Nikampita.

Nilikuwa nampenda kwa maneno yake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kumetulia. Imelda ana jino. Mama mkwe amekuja mwenyewe, akalipapasa kwa kidole, hakutaja kesi.

Mawingu yamepita upande wa Matogoro, hayajadondosha kitu. Kama shauri litakwenda vizuri sijui. Wakili naye hajui, nimemwuliza. Ila mwaka huu tutanyeshewa, hilo najua.

Kesho konda wa basi la Tunduru atanibebea barua. Naandika hapa kwanza nisisahau, maana Kasian anahitaji kuelezwa kimoja kimoja. Anitumie barua yake ya kupunguzwa kazi. Risiti ya kampuni, ile yenye mhuri, isikunjwe. Picha ndogo moja. Maneno mawili kwa mkono wake kwamba nasimama badala yake, na sahihi, si kidole gumba, anajua kuandika. Na jiwe moja lisilo na bei, Imelda aling'ate.