Lebo Zenye Saini Yangu

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Hamjambo wewe na wifi? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mwilini sijambo, namshukuru Mungu, ila usingizi umenipa talaka na chakula nakula kwa kujilazimisha.

Barua yako niliipata Jumamosi, nimeisoma mpaka mikunjo yake inaanza kukatika. Unaniambia nirudie waraka wa kwanza wa Petro, pale anapowaita wenye heri wale wanaoteswa kwa kutenda haki, na kwamba umeshanitaja kanisani mara mbili ili niombewe. Nimeurudia, Kaka. Ndiyo maana nakuandikia mbio mbio hivi, kabla Jumapili nyingine haijafika. Simu siiamini siku hizi.

Habari za mtambo unazijua nusu. Kazi yangu pale hospitalini ni kufunga vyombo vya upasuaji kwenye vitambaa, kuvipitisha kwenye mtambo wa mvuke, kisha kubandika lebo yenye tarehe na saini. Kila kifurushi kina utepe. Joto likitosha, mistari yake inakuwa myeusi tii. Tangu Machi ilikuwa inatoka kahawia. Nilimwambia daktari mkuu, akasema fundi yuko njiani. Nikamwambia tena, fundi bado yuko njiani tu. Vifurushi vya kahawia nikavitenga, sikuvibandika kitu. Hata hivyo akina mama watatu waliojifungua kwa upasuaji vidonda vyao vikatunga usaha, ndipo nikawaandikia wakaguzi wa afya. Unanijua, hamkuniita Kiherehere bure.

Tangu hapo nimekuwa kama mwenye ukoma. Hii ni wiki ya tatu nimesimamishwa kazi. Wenzangu tukikutana sokoni wanageuka kukagua vitunguu. Ukurasa wa daftari la kazini nilimoandika mambo ya utepe umechanwa. Na kuna gari jeupe limeegeshwa mkabala na mlango wangu tangu asubuhi. Dereva hashuki, hasomi gazeti, amekaa tu. Naogopa, Kaka. Sitajifanya shujaa kwako.

Lakini kuna jambo nilikuficha.

Kwa kuwa kazi ni nyingi, sisi wa chumba cha mtambo tulikuwa na mtindo wetu. Jumatatu asubuhi tunasaini lebo za wiki nzima, tarehe tunaiacha wazi, tunazitia kwenye droo. Mimi ndiye niliyeuanzisha mtindo huo, tena nikajisifu kwamba naokoa muda. Niliposimamishwa, niliacha bunda zima humo.

Ijumaa daktari mkuu aliniita ofisini. Alinipa kiti, akaniuliza hali ya mama. Kisha akanitandazia lebo mezani, moja moja, kama anayegawa karata. Zilibanduliwa kwenye vifurushi vilivyotumika kwa wale akina mama watatu, vile vya kahawia nilivyokuwa nimevitenga. Mtu alifungua droo, hata kabla sijasimamishwa, akazibandika. Zote zina saini yangu.

“Mwanangu,” aliniambia kwa upole, “futa ile barua yako, na hizi zitapotea. Usipoifuta, wakaguzi watauliza aliyesaini ni nani. Mimi nitawajibu nini?”

Jana muuguzi mmoja, pekee anayenisalimia bado, alinipitishia lebo chini ya mlango. Saini yangu, tarehe ya juzi. Juzi mimi nilikuwa hapa nafua mapazia! Kwa hiyo mtambo unaendelea, wanawake wanaendelea kupasuliwa, na jina langu linaingia nao.

Nikarudi kwa Petro. Kumbe kabla ya kuwapongeza wanaoteswa kwa wema, anauliza ni sifa gani mtu anayo akivumilia mapigo ya kosa lake mwenyewe. Hapo nilifunika kitabu nikalia. Mtambo niliusema, na hiyo ni haki. Lebo nilizisaini, na hilo ni kosa. Nilitamani sana uendelee kuniita mwenye heri. Lakini yupo mama wa kitanda cha mwisho wodini, mmoja wa wale watatu, ambaye mpaka leo hajaweza kumbeba mtoto wake. Wema uliobaki mikononi mwangu ni kulisema kosa langu mwenyewe, lisiwe fimbo ya kuninyamazisha.

Kesho saa tatu wakaguzi wanakuja. Nitawaeleza yote mawili, nikianza na lebo. Wakili mmoja ameniambia wazi kwamba naweza kufungwa.

Jumapili usiwaambie watu kwamba dada yako anateswa kwa ajili ya haki. Waambie amekosa, na amekwenda kusema. Kisha waombeeni wale akina mama kabla yangu.

Barua hii inakuja kwa basi la mchana. Ndani yake nimeweka nakala ya lebo ya juzi na ya maelezo yangu, maana huku karatasi zinachanwa. Msalimu wifi, shangazi na mapacha wako. Mama usimwambie neno mpaka nikupigie. Ikifika Jumapili jioni sijapiga, mpe mchungaji maelezo yangu ayasome mbele ya watu, yote, hata pale panaponiaibisha.

Mungu awafunike nyumba nzima.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikitetemeka,

Kiherehere